Petroli Aliyoiacha Gharib

Gharib alikufa siku ya Jumanne, mwezi wa Disemba, katika wiki ambayo nyasi za Kizingo zilikuwa zimeshaacha kukua. Angeishi siku tatu zaidi, angekuwa ameshaiweka mashine yake ipumzike kaskazi nzima kama alivyofanya kila mwaka, na haya yote yasingetokea. Lakini kifo hakimuulizi mtu ana kazi gani mkononi. Alianguka nyuma ya mashine, katika bustani ya nyumba ya tatu kati ya zile nne alizokuwa akizikatia nyasi karibu na barabara ya Mama Ngina. Mashine ikabaki ikinguruma peke yake, imeegemea ukuta, mpaka mwenzake Nicanor aliyekuwa akikata michongoma upande wa pili alipokuja mbio akaizima.

Siku ya pili ya matanga, Nicanor aliipakia mashine kwenye mkokoteni akaisukuma mpaka Mji wa Kale. Aliiweka uani kwa marehemu, chini ya ngazi, akaifunika gunia. Watu walikuwa wengi na hakuna aliyeitazama.

Mjane alikuwa Mejumaa, mwanamke wa miaka thelathini na minne, na mtoto wao alikuwa mmoja tu, Riziki, wa miaka kumi na mmoja. Mejumaa aliingia eda: miezi minne na siku kumi ndani ya chumba, nguo nyeupe, bila manukato, bila kuonekana na mwanamume wa kando. Mavyaa wake, Bi Mwanatumu, alikuja kutoka Ukunda kumshikia eda hiyo, na kwa rai ya Bi Mwanatumu, mwenye eda hata sauti yake isisikiwe na wanaume. Masheikh huenda wana maneno mengine, lakini masheikh hawakuwa wakilala chumba kile.

Baada ya hitima ya siku ya saba, Tsuma, nduguye marehemu, alivuta kiti akakaa nje ya pazia.

"Shemeji, najua maneno haya si ya leo," alisema, "lakini bora mtu aseme mapema kuliko kugombana baadaye. Kodi ya vyumba hivi ilikuwa juu ya marehemu. Mimi siiwezi. Ukitoka eda, wewe utarudi Mazeras kwa kaka yako, na Riziki nitamchukua nikae naye Ukunda. Mtoto ni wetu."

Ndani, Mejumaa alimshika mavyaa wake mkono. "Mwambie mashine ipo. Nicanor ataisukuma, tutagawana nusu kwa nusu. Kodi itapatikana, na mwanangu atabaki nami."

Bi Mwanatumu akayapeleka maneno. Tsuma akafikiri. Ingekuwa rahisi kama Tsuma angekuwa mtu mbaya, tungemlaumu yeye tukamaliza. Lakini alikuwa karani wa ghala mwenye watoto sita, na karani wa ghala hupiga hesabu hata pale asipoombwa.

"Haya," alisema. "Masika yakianza, mashine ikifanya kazi na kodi ya mwezi wa nne ikalipwa, mkae. Isipolipwa, tusilaumiane."

"Hatutalaumiana," alisema Mejumaa, kwa sauti yake mwenyewe, na mavyaa wake akamfinya.

*

Kuweka mashine ya kukata nyasi si kuifunika gunia ukaenda zako. Kaskazi ni miezi mitatu ya upepo wa chumvi, na chumvi ya Mombasa hula hata bawaba za milango ya misikiti. Gharib alikuwa na utaratibu wake: kwanza huitoa petroli yote ya tangi, kisha huilaza mashine akakwangua nyasi zilizogandia chini, kisha huisimamisha akaiwasha tena, akaiacha ingurume kwa ile petroli kidogo iliyobaki ndani ya kabureta, kile kikombe cha chuma kinachoilisha injini petroli, mpaka izimike yenyewe. Baada ya hapo ndipo hutoa plagi, akatia kijiko cha oili, akafungua kisu, akakinoa na kukipaka mafuta. Mejumaa aliyajua yote. Miaka kumi na miwili mfululizo alikuwa akikaa juu ya kibao pale uani akimpa spana kabla hajaziomba, na Gharib alikuwa akisema kwamba mkewe ni fundi aliyekosa suruali.

Nicanor yeye alijua michongoma. Alikuja asubuhi ya Jumamosi, Mjaluo mrefu mwenye aibu, akavua viatu mlangoni ingawa hakuna aliyemwambia, akaitoa mashine chini ya ngazi na kuiweka hatua nne kutoka kwenye pazia la mjane.

"Mwambie afungue mpira wa petroli chini ya tangi, akinge dumu," alinong'ona Mejumaa.

"Anasema ufungue mpira," Bi Mwanatumu akapaza sauti. "Sijui mpira gani. Uko chini ya kitu."

"Nimesikia, mama."

"Hukusikia. Umesikia kwangu."

"Nimesikia kwako, mama," alisema Nicanor kwa adabu, akainama.

Wakaenda hivyo hivyo, Mejumaa akinong'ona, bibi kizee akitangaza asichokijua, na Nicanor akijibu kana kwamba hakumsikia wa kwanza. Wapangaji wa ghorofani waliinama kwenye ngazi kutazama. Mmoja alicheka, na Mejumaa aliyekuwa nyuma ya kitambaa aliona uso ukimwaka moto. Mume wake angali mbichi kaburini, naye tayari amekuwa tamasha.

Petroli ya tangi ilitoka yote. Nicanor akafunga dumu, akauliza alipeleke wapi.

"Nje kabisa," Bi Mwanatumu alijibu bila kungoja. "Nyumba ya matanga usiniwekee petroli. Mpe mtu yeyote."

Nicanor akalichukua dumu, akampa dereva mmoja wa Makadara aliyemjua, akarudi. Hapo ndipo Mejumaa alipokumbuka kwamba petroli ile aliinunua Gharib mwenyewe alfajiri ya Jumanne ile. Mumewe alitoka na noti ya shilingi mia mbili akasema chenji itakuwa ya samaki. Mejumaa alitaka kumwambia Nicanor alirudishe dumu, akaona haya, maana mjane anayelilia petroli ataitwa mwendawazimu.

Kisha mashine ikalazwa. Nicanor alikwangua chini yake kwa kisu kibovu, na nyasi zikaanguka sakafuni mabonge kwa mabonge, kijivu kwa juu, lakini katikati bado zina ukijani. Zilikuwa nyasi za ile nyumba ya tatu. Bi Mwanatumu hakungoja hata kazi ikome. Alitoka na ufagio, akazizoa, akazitupa kwenye pipa la taka pamoja na maganda ya mihogo. Mejumaa alikuwa akitazama kwa ule upenyo ulio chini ya pazia, akauona ufagio ukipita.

Nicanor akaisimamisha mashine, akajifuta jasho.

"Tangi tupu, shemeji... samahani, mama. Tangi tupu, na chini safi. Sasa?"

Sasa ilikuwa zamu ya kuiwasha. Mejumaa alijua. Alifungua kinywa. Ndani ya kabureta mlibaki petroli ya Gharib isiyotimia kikombe cha kahawa, na ndiyo pekee iliyobaki ya kazi ya mkono wake. Angeitamka ile amri, mashine ingenguruma, ile sauti iliyomsindikiza mumewe mpaka pumzi ya mwisho ingejaa ua mzima, kisha ingepungua, ingekwama, ingekata. Angekaa nyuma ya pazia akiisikiliza ikikata. Hakuweza. Alijiambia kwamba kikombe kimoja cha petroli hakiwezi kuharibu chuma. Alijua kuwa anajidanganya, na bado aliuamini uongo wake.

"Anasemaje?" aliuliza Nicanor. Mkono wake ulikuwa umeshashika kamba ya kuwashia.

"Mwambie atoe plagi," alinong'ona Mejumaa.

"Utoe plagi," alisema Bi Mwanatumu.

Nicanor alisimama kidogo. Aliiachilia kamba polepole. "Haya," alisema. "Plagi."

Kazi ikaisha kabla ya adhuhuri. Kijiko cha oili kilitiwa, kisu kilinolewa na kufungwa kwenye gunia, magurudumu yakapakwa mafuta, mashine ikarudishwa chini ya ngazi. Bi Mwanatumu alimpa Nicanor chai ya tangawizi akainywa kwa kusimama. Siku ile Mejumaa alikula sahani nzima ya wali kwa mara ya kwanza tangu msiba, na Riziki akafurahi kumwona mama yake akila.

*

Ramadhani ikaja ikapita. Idi ile Riziki alivaa gauni la mwaka jana lililoshushwa pindo. Mwishoni mwa mwezi wa tatu mvua ilinyesha siku mbili bila kupumua, na siku ya tatu Nicanor akaja na petroli mpya.

Mejumaa alikuwa bado ana wiki tatu na ushei za eda. Alikaa chini, magoti yamekunjwa, sikio kwenye pazia. Alisikia kisu kikifungwa, plagi ikikazwa, petroli ikimiminwa. Alisikia kamba ikivutwa.

Haikuwaka. Nicanor akavuta tena, na tena. Kila akivuta mashine ilikohoa kikohozi kikavu, ikanyamaza.

"Mwambie afungue hewa," alisema Mejumaa.

"Fungua hewa, baba."

"Iko wazi, mama."

"Mwambie aifute plagi, huenda imelowa."

"Imekauka, mama. Haipati petroli hii. Petroli haifiki."

Mejumaa alikuwa na mikono miwili mizima. Hatua nne tu. Alisimama, akashika ukingo wa pazia, na Bi Mwanatumu akamtazama kwa macho ya mama aliyemzika mwanawe. Mejumaa akakaa tena. Nje Nicanor aliendelea kuvuta mpaka ngozi ya kiganja ikachunika, akafunga leso, akavuta kwa mkono wa kushoto.

Jioni aliletwa Dzoro, fundi wa Makadara, mtu wa maneno machache. Akaifungua kabureta na kuiinamisha kwenye mwanga.

"Mliiwekaje hii?" aliuliza. "Petroli imeganda kama utomvu wa fenesi. Na chini yake mlikuwa na maji. Tazama, pamelika. Hapa pametoboka. Hamkuiwasha ikamaliza?"

Nicanor aliutazama mkono wake uliofungwa leso.

"Hatukuiwasha," alisema Nicanor. "Ni mimi. Sikujua."

"Kitu kidogo hivyo," alisema Dzoro. "Dakika mbili tu. Mashine hii ni ya Kiingereza, ya zamani, kabureta yake haipatikani hapa. Nitaagiza Nairobi. Wiki tatu, kama ipo."

*

Nyasi za masika hazingoji wiki tatu. Nicanor alikwenda kwa zile nyumba nne kuomba subira, na kila siku alirudi kusimama nje ya pazia kutoa habari, kama mtu anayeleta majina ya waliofariki. Nyumba ya kwanza ilimpa siku tano, kisha ikaita watu wenye mashine mbili na gari lao. Ya pili ikawafuata hao hao kwa sababu walikuwa jirani tayari. Katika ya tatu, Nicanor aliikata bustani nzima kwa fyekeo tangu asubuhi hadi alasiri, mgongo ukimuuma, na mwenye nyumba alipotoka barazani aliwaita wageni wake waje waone. Alisema nyasi zake zimenyolewa na mbuzi. Wageni walicheka, akampa Nicanor shilingi ishirini, akamwambia asirudi.

"Na ya nne?" aliuliza Mejumaa. Siku hizo Bi Mwanatumu alikuwa ameshachoka kuwa mdomo wa mtu. Aliuacha uzi wa tasbihi upite vidoleni.

"Ya nne leo asubuhi, shemeji. Geti halikufunguliwa."

Tsuma akaja siku ya Ijumaa baada ya sala, akamkuta Nicanor uani. Hakumpa hata salamu.

"Ndugu yangu alikuamini," alisema. "Miaka yote mmekula naye chungu kimoja. Amekufa, umepewa kazi moja tu, kuiweka mashine, na hiyo imekushinda. Wajua umefanya nini? Umemtoa mtoto kwa mamake."

"Ni kosa langu," alisema Nicanor.

"Kosa lako litalipa kodi?"

"Hapana, kaka. Nisameheni."

Wapangaji walikuwa kwenye ngazi wakisikiliza. Nyuma ya pazia Mejumaa alitia upindo wa nguo yake nyeupe kinywani akauuma. Alikuwa na maneno mawili tu ya kusema: ni mimi. Lakini alimwona Riziki amejibanza pembeni mwa kitanda, akimtazama, na akaogopa. Aliogopa mtoto asije akakua akijua kwamba ni mama yake ndiye aliyewatenganisha. Akanyamaza, akamwacha mtu mzima mwenye watoto wake asimame mbele ya umati akivishwa kosa la mwingine. Hapa Mejumaa hana mtetezi, na yeye mwenyewe hakumtafuta.

*

Kabureta ilifika kutoka Nairobi wiki ya mwisho ya eda. Dzoro akaifunga, mashine ikawaka kwa kuvutwa mara moja. Tsuma hakuichelewesha, aliiuza siku ile ile, zikalipwa gharama za fundi na kodi ya miezi iliyopita, na kilichobaki akakileta chote kwenye bahasha bila kujiwekea hata senti. Kilitosha nauli na gunia la mchele. Mwenye nyumba alikuwa ameshapata wapangaji wengine.

Mejumaa akatoka eda siku ya Jumatatu. Wanawake walimkosha, wakamvika leso mpya, na Bi Mwanatumu akamwombea dua ndefu akilia. Kesho yake asubuhi alimsindikiza Riziki mpaka feri ya Likoni. Miguu ilikuwa imesahau kutembea, ikabidi mtoto amshike mkono.

Tsuma alikuwa amebeba sanduku. Alisimama mbali kidogo, akijifanya kutazama magari yakishuka.

"Mama, utakuja lini?" aliuliza Riziki.

"Nikipata kazi."

"Kabla ya mtihani au baada?"

"Kabla, inshallah."

"Basi vitabu nisivifunge sana. Nitakuwa navitumia mpaka uje."

"Usivifunge sana," alisema Mejumaa. Alimtengeneza mtandio, ambao haukuwa na kasoro yoyote, akamtengeneza tena. Kisha mlango wa chuma ukafunguliwa, watu wakaanza kusukumana, na Tsuma akamshika mtoto mkono. Riziki aligeuka mara mbili. Mara ya tatu watu walikuwa wengi mno na Mejumaa hakujua kama aligeuka.

Hakurudi nyumbani. Alipanda kwa miguu mpaka Majengo, akiulizia njia, mpaka akafika kwa Nicanor. Mkewe Awino alikuwa akichambua mboga mlangoni. Alimtazama Mejumaa kwa ubaridi, maana tangu masika yaanze mumewe alikuwa hana kazi, akamwita mumewe kisha akajisogeza kwenye kigoda kuendelea na mboga. Nicanor akatoka. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi minne na ushei kuonana uso kwa uso. Alikuwa amekonda. Kiganja cha kulia kilikuwa na kovu jekundu.

"Karibu, shemeji. Pole kwa eda. Riziki?"

"Ameshavuka."

Nicanor akainamisha kichwa. "Shemeji, kila siku nataka kuja kukuomba msamaha, nashindwa. Mimi ndiye..."

"Nyamaza, Nicanor," alisema Mejumaa. "Nisikilize mimi, maana nikinyamaza tena sitasema maisha. Si wewe. Mimi nilijua kwamba yataka kuwashwa. Gharib alikuwa akiiwasha kila mwaka mbele yangu. Siku ile nilijua, na nikakwambia utoe plagi. Sikutaka ile petroli yake iishe. Ni mimi, na nimekuacha utukanwe. Nimekuja kukwambia mbele ya mkeo."

Alingoja ghadhabu. Alikuwa ameistahiki, na ingempunguzia. Awino aliacha mboga, mikono ikabaki hewani. Lakini Nicanor hakughadhibika. Alikaa taratibu kwenye kizingiti.

"Mimi pia nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Kila Disemba nilikuwa namngoja nje ya mlango wenu, tukanywe kahawa. Lazima ingurume kwanza, izimike, ndipo anatoka. Miaka kumi. Ningekosaje kujua? Siku ile kamba ilikuwa mkononi mwangu, shemeji. Ulivyosema plagi, nilifurahi."

"Ulifurahi?"

"Mimi ndiye niliyeizima siku ile alipoanguka. Ilikuwa inanguruma na yeye yuko chini. Sikutaka kuisikia tena." Alifuta macho kwa kile kiganja chenye kovu. "Nikasema, kama mwenyewe hasemi, mimi ni nani niseme."

Mejumaa akakaa chini pale pale, mavumbini, na leso yake mpya. Neno moja tu. Kutoka kwake au kutoka kwa Nicanor, lolote lingetosha, na wote wawili walikuwa nalo kinywani, hatua nne, kitambaa kimoja kati yao. Walimpenda mtu mmoja, wakamnyamazia, na bei ikalipwa na mtoto ambaye hakuulizwa. Alilia kwa sauti, vile ambavyo hakulia hata siku ya maziko, na safari hii hakukuwa na mtu wa kumfinya.

Awino akaondoka kwenye kigoda, akaja akakaa kando yake, akamwekea mkono begani. Msikitini wakaadhini adhuhuri. Saa hizo Riziki alikuwa ameshafika Ukunda.